Lugha, Siri na Mkalimani katika Filamu za John Sayles

Aghalabu filamu huhukumiwa kwa mambo mawili: kisa chake, na ustadi wa wachezaji wake. Jambo la tatu, yaani lugha ambazo watu wa kisa hicho husemezana, hutajwa mwisho, na mara nyingi halitajwi kabisa. Makala hii yakusudia kulitanguliza jambo hilo la tatu na kulipima katika kazi ya mtu mmoja, John Sayles wa Marekani, mwandishi na mwongozaji ambaye hadi mwaka 2013 alikuwa ameongoza filamu 18, nyingi kati ya hizo akizihariri kwa mkono wake mwenyewe. Baadhi ya filamu hizo ni tamthilia za maisha ya watu wa kawaida. Nyingine ni visa vya upelelezi, vyenye maiti, mashaka na siri ya zamani. Nitajaribu kuonyesha ya kuwa aina hizi mbili, kwa Sayles, ni matawi ya mti mmoja, na ya kuwa shina la mti huo ni swali ambalo mtaalamu wa lugha hana budi kulitambua: nani ana ruhusa ya kusema, kwa lugha gani, na nani humfasiria mwenziwe?

Sayles alizaliwa mwaka 1950 katika mji wa Schenectady, jimbo la New York, akajulikana kwa riwaya kabla ya kujulikana kwa sinema. Riwaya yake Union Dues ilitoka mwaka 1977. Wakati huo alikuwa ameingia katika kazi ya kumwandikia Roger Corman filamu za gharama ndogo. Piranha ya mwaka 1978, inayohusu samaki walao watu, ni tunda la kazi hiyo. Ujira wa kuwaandikia wengine ndio aliotumia kutengeneza filamu yake ya kwanza, Return of the Secaucus Seven, na utaratibu huo hakuuacha: huandika filamu za wengine kwa malipo, kisha malipo huyatia katika zake. Mwaka 1983 alipewa tuzo ya wakfu wa MacArthur. Mwaka huo huo ilitoka Baby It's You, iliyogharimiwa na studio ya Paramount, na kazi hiyo ilimwonjesha uchungu wa kubishana na wenye fedha juu ya uhariri. Tangu hapo ameshika njia ya kujitegemea, akisaidiwa na mshirika wake Maggie Renzi, ambaye ni mtayarishaji wa filamu zake nyingi.

Habari hizi za fedha zina uzito katika hoja yangu. Studio kubwa huuza filamu moja katika nchi nyingi, na kwa ajili hiyo hupenda watu wote wa filamu, hata wakiwa Warusi au Warumi wa kale, waseme Kiingereza. Mtu anayejigharimia aweza kumwachia kila mhusika ulimi wake. Kujitegemea kwa Sayles kumekuwa, pamoja na mengineyo, uhuru wa lugha.

Tuanze na filamu ambayo mhusika wake mkuu hana lugha hata moja. The Brother from Another Planet, ya mwaka 1984, yasimulia habari za mtu mweusi aliyeanguka kutoka nyota nyingine, mtumwa aliyetoroka, akajikuta katika mtaa wa Harlem mjini New York. Mtu huyu, anayechezwa na Joe Morton, ni bubu. Wanamfuata wawindaji wawili, na mmoja wao ni Sayles mwenyewe. Kisa ni cha mbio na kujificha, lakini sehemu kubwa ya filamu haina mbio. Watu wa Harlem, wakimwona mgeni asiyejibu, humfungulia vifua vyao. Katika baa, chumbani, njiani, kila mmoja humweleza jambo ambalo yamkini hajapata kumweleza jirani yake. Kimya cha mgeni kimekuwa kama kisima: kila apitaye huinama akaiona sura yake. Hapa Sayles ameweka kanuni ambayo ataifuata katika visa vyake vya upelelezi, ya kuwa mchunguzi bora ni yule asikilizaye. Na jambo jingine la kuzingatia ni kwamba mtazamaji haambiwi Ndugu huyu anafikiri nini. Hapana sauti ya ndani wala maandishi ya kumfasiria. Sisi nasi tumewekwa katika hali ya watu wa Harlem, twasoma uso tu.

Matewan, ya mwaka 1987, yatokana na tukio la kweli. Mnamo tarehe 19 Mei 1920, katika mji mdogo wa Matewan, jimbo la West Virginia, wachimba makaa waliogoma na walinzi wa kukodiwa na makampuni walipigana kwa risasi, watu kadhaa wakafa. Katika filamu, kampuni ya makaa inatumia hila ya zamani: inaleta Wataliano, na watu weusi kutoka kusini, ili wafanye kazi ya weupe wa milimani waliogoma. Kampuni hutegemea kwamba watu hao hawataelewana. Mwenye kuunda chama cha wafanyakazi, Joe Kenehan, anayechezwa na Chris Cooper, kazi yake ya kwanza ni kuivunja tegemeo hiyo. Sayles haonyeshi ushindi wake kwa hotuba. Anaonyesha usiku mmoja ambapo makundi matatu, kila moja mahali pake, yanapiga ala zao, na sauti hizo zinatafutana hata zinakutana katika wimbo mmoja kabla midomo haijakutana katika lugha moja.

Walakini sehemu ambayo msomaji wa Kiswahili ataionja zaidi ni ile ya kanisani. Kenehan amesingiziwa kwamba amemdhulumu mwanamke, na wenziwe wameazimia kumwua usiku huo huo. Kijana Danny, mchimba makaa ambaye pia ni mhubiri, ameisikia hila hiyo ikipangwa, lakini hawezi kuitamka, kwa kuwa walinzi wa kampuni wameketi kanisani wakimtazama. Basi anasimama akahubiri habari za Yusufu na mke wa Potifa, akiigeuza kidogo hadithi ili ilingane na hila iliyopangwa. Walinzi wanasikia maneno ya dini tu; wachimba makaa wanasikia onyo, na mmoja wao anatoka kwenda kuyazuia mauaji. Wahenga wetu wamesema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Wote waliomo kanisani wanasema Kiingereza. Hata hivyo, walinzi ni wageni kwa lugha hiyo, maana hawajui waumini wamezoea kusikia nini. Kwa mtaalamu wa lugha hili ni somo zuri: kuelewa maneno ni nusu ya kuelewa, na nusu ya pili ni kuwa mmoja wa wale wanaosemeshwa.

Lone Star, ya mwaka 1996, ndiyo filamu ambamo tamthilia na upelelezi vimeungana vyema kupita zote, na maandishi yake yaliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar. Katika mji wa kubuni uitwao Frontera, upande wa Texas wa mpaka wa Marekani na Mexico, mifupa ya mtu inagunduliwa pamoja na beji ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Yatambulikana kuwa ni mifupa ya Charlie Wade, sherifu mkatili na mla rushwa aliyetoweka mwaka 1957, pamoja na dola 10,000 za serikali ya wilaya. Sherifu wa sasa, Sam Deeds, ashuku ya kuwa aliyemwua ni marehemu baba yake Buddy Deeds, ambaye alishika cheo baada ya Wade na ambaye mji mzima wamsifu. Upelelezi wa Sam ni wa kwenda kwa wazee mmoja mmoja na kuwauliza. Wakati mzee akisimulia, kamera husogea pole pole kutoka uso wake, na bila ya kukatwa picha tunajikuta katika mwaka ule wa zamani, mahali pale pale. Mbinu hii haikuwekwa kwa mapambo. Yatuambia ya kuwa yaliyopita hayana mlango wa kuyafunga. Yamo chumbani pamoja na wanaoyasimulia.

Katika mji huo kuna mwanamke mwenye mkahawa, Mercedes Cruz, mwenye asili ya Mexico, ambaye huwaamrisha wafanyakazi wake waseme Kiingereza, kwa kuwa wako Marekani. Mtazamaji humcheka kwanza kama mtu aliyejisahau. Baadaye, mfanyakazi wake anapomletea msichana aliyeumia katika kuvuka mto bila ruhusa, twaonyeshwa Mercedes mwenyewe, kijana, akiuvuka mto huo huo usiku. Mumewe, Eladio Cruz, aliuawa na Charlie Wade. Zile dola 10,000 zilimfikia yeye kwa mkono wa Buddy. Ndipo amri ile ya Kiingereza inapobadilika maana: yule aliyeikataa lugha yake ndiye mwenye mengi ya kuficha ndani yake. Binti yake Pilar ni mwalimu wa historia, na katika mkutano wa wazazi wa shule kunazuka ugomvi juu ya historia ya Texas isimuliwe vipi na kwa ulimi wa nani. Msomaji asidhani kwamba ugomvi huo ni kando ya kisa. Ndio kisa chenyewe, maana mwuaji wa Wade anapojulikana mwishoni, kuwa ni Hollis, aliyekuwa msaidizi wa Wade na sasa ni meya, twagundua ya kuwa mji umekubali uongo wa heshima kwa miaka mingi, na ya kuwa uongo huo ulimwokoa mtu mweusi, Otis Payne, ambaye Wade alikuwa tayari kumwua. Siri iliyobaki, ya Sam na Pilar, ni nzito zaidi: ni watoto wa baba mmoja, nao hawakuambiwa. Wanaamua kuiacha historia nyuma yao. Sayles hatuambii kama wamefanya vyema. Ametuachia sisi swali la kama mtu aweza kulisahau jambo aliloligundua kwa taabu namna ile.

Mwaka uliofuata, 1997, ilitoka Men with Guns, yaani Watu Wenye Bunduki. Mmarekani huyu aliandika na kuongoza filamu ambayo karibu yote ni ya Kispania, pamoja na lugha za wenyeji wa asili wa Amerika, mathalan Kinahuatl, Kitzotzil, Kimaya na Kikuna. Wanaosema Kiingereza ni watalii tu, nao ndio wenye kuelewa haba kupita wote. Daktari Fuentes, mzee mjane wa mji mkuu wa nchi isiyotajwa jina, aliwafunza vijana ili wakatibu katika vijiji vya milimani. Anapokwenda kuwatafuta, kijiji baada ya kijiji, agundua kwamba wameuawa mmoja baada ya mmoja. Nani aliwaua? Jibu la wanavijiji ni lile lile: watu wenye bunduki. Ni askari, au ni waasi? Kwa wanavijiji jina ni moja, kwa kuwa jambo linalowafikia ni moja. Na hao wanavijiji nao, katika ulimi wa watu wa mji, hawana majina yao: ni watu wa chumvi, watu wa sukari, watu wa kahawa, watu wa ndizi. Wametajwa kwa kile wanachowazalishia wengine. Sijui filamu nyingine inayoonyesha kwa uwazi namna hii jinsi msamiati unavyoweza kuwa ushahidi wa jinai. Fuentes ni msomi, na Kispania chake ni fasaha. Walakini ufasaha huo haumfungulii mlango hata mmoja, maana kwa wale anaowauliza lugha hiyo ndiyo waliyosikia ikitolewa amri.

Amigo ya mwaka 2010 yaendeleza jambo hilo katika vita vya Wafilipino na Wamarekani, vilivyoanza mwaka 1899. Rafael Dacanay, mkuu wa kijiji, anachezwa na Joel Torre. Wamarekani wamekiteka kijiji na wamtaka awatumikie. Waasi wa msituni, wakiongozwa na ndugu yake mwenyewe, wametangaza kwamba atakayewatumikia Wamarekani atauawa. Filamu ina Kitagalog, Kiingereza, Kispania na Kichina cha Kanton. Kati ya mkuu wa kijiji na maofisa amesimama kasisi wa Kispania, Padre Hidalgo, ambaye wanakijiji walikuwa wamemfunga, na ambaye sasa, kwa kujua lugha zote mbili, ndiye mkalimani. Basi kila neno la Rafael lapita katika koo la mtu mwenye kisasi. Yeye huchagua nini kiongezwe na nini kipunguzwe, na maisha ya Rafael, ambayo mwishowe yakomea kitanzini, yategemea uchaguzi huo. Hapana filamu niijuayo iliyoonyesha kwa ukali zaidi ya kuwa mkalimani si bomba la kupitishia maji.

Nina pingamizi moja juu ya Amigo, nayo ni ya kimsingi. Maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya picha humwelewesha mtazamaji kila lugha. Yeye peke yake, kati ya wote, ajua Mmarekani amesema nini, na Mtagalog amejibu nini, na kasisi amegeuza nini. Jambo hilo laleta kinaya, na kinaya hicho kina nguvu. Lakini lamwondolea mtazamaji taabu yenyewe ambayo filamu yaizungumza. Tumekaa juu ya kilele tukiwatazama wapofu wakigongana. Katika The Brother from Another Planet hatukupewa kilele hicho, na kwa ajili hiyo filamu ile, ijapokuwa ni ya mzaha na ya gharama ndogo, yagusa kwa ndani zaidi juu ya ugeni. Lau Sayles angalituachia hata mazungumzo mawili matatu bila tafsiri, tungaliitambua hofu ya Rafael badala ya kuihurumia tu.

Kuna na dosari nyingine. Sayles ni mwandishi kabla ya kuwa mpigaji picha, na wakati mwingine watu wake hutoa rai badala ya kusema. Katika Silver City, ya mwaka 2004, maiti anaopolewa ziwani wakati wa kampeni ya uchaguzi katika jimbo la Colorado, na mpelelezi huenda kwa mtu huyu na yule. Lakini wengi wa hao watu husema kama makala za gazeti, na kila mmoja yuko tayari kueleza uovu wa mfumo kabla hajaulizwa. Upelelezi hauwezi kupata nguvu mahali ambapo hakuna anayesita. Linganisha na Lone Star, ambamo wazee huzungukazunguka, huficha, hutania, na ukweli hutoka kwa kuteleza. Katika Go for Sisters ya mwaka 2013, Sayles amerudi katika njia hiyo njema: wanawake wawili, marafiki wa zamani waliotengana, mmoja mtumishi wa sheria na mwenziwe aliyetoka gerezani, wanavuka mpaka hadi Tijuana kumtafuta mwana wa mmoja wao, wakiongozwa na mpelelezi mstaafu ambaye macho yake yanafifia. Mpelelezi asiyeona vizuri hana budi kusikiliza. Ndiyo kanuni ya mwaka 1984, miaka 29 baadaye.

Sasa nageukia jambo linalotuhusu sisi wenye kuhudumia Kiswahili. Nchini Tanzania, kama ilivyo nchini Uganda kwa Kiganda, kwa miaka mingi filamu za kigeni zimewafikia watu wengi kwa sauti ya msimulizi, ambaye huipunguza sauti ya wachezaji na kuwasemea wote yeye mwenyewe, huku akieleza, akitania na kuongeza. Wasomi wengine wameidharau kazi hiyo. Mimi siidharau; msimulizi ni mrithi wa mtambaji wa hadithi, na ustadi wake ni wa kweli. Lakini filamu za Sayles zamwekea mtego. Akiyatia mazungumzo yote katika Kiswahili kimoja, Mercedes Cruz atamwamrisha kwa Kiswahili mfanyakazi anayesema Kiswahili aseme Kiingereza. Daktari Fuentes ataelewana na kila mtu, na haitajulikana kwa nini hapati majibu. Padre Hidalgo hatakuwa na kazi. Kisa kitabaki, na maana itakuwa imeondoka.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa yeyote atakayezitia filamu kama hizi katika Kiswahili, iwe kwa sauti au kwa maandishi. La kwanza, kabla ya kufasiri neno lolote, aandike orodha ya watu wa kisa, na mbele ya kila jina lugha anazozielewa. Orodha hiyo ndiyo ramani ya filamu. La pili, mahali ambapo kutoelewa kwa mhusika ndiko kiini cha tukio, asione haya kuacha maneno bila kuyafasiri, au kusema waziwazi kwamba hapa daktari hakuelewa. Msimulizi ana uhuru ambao maandishi ya chini hayana, na kwa uhuru huo aweza hata kuiponya dosari niliyoitaja katika Amigo. La tatu, ajihadhari na Kiswahili cha kubandika. Mwanakijiji wa Men with Guns husema Kispania kwa mkato kwa sababu si lugha yake. Katika lugha yake ni fasaha kama daktari alivyo fasaha katika Kispania. Anayempa Kiswahili kilichovunjika katika lugha ya mama yake, kwa kuwa ni mtu wa shamba, amemtukana pale ambapo mwandishi alimheshimu.

Sayles hakuwa na nia ya kufundisha isimu. Alitaka kusimulia jinsi watu wanavyoishi chini ya nguvu zisizo zao, na kwa kuwa alikuwa msikilizaji mzuri, na kwa kuwa hakuwa na bwana wa kumwamrisha, aligundua kwamba nguvu hizo huingia kwanza kwa mlango wa lugha. Dai hilo lapimika katika kila filamu niliyoitaja, na palipo na udhaifu, kama katika Silver City, udhaifu huo umetokea pale alipoacha kusikiliza. Wenye kufasiri kwa Kiswahili wana kazi ile ile mbele yao. Filamu za kigeni zitaendelea kuja, na wasimulizi wataendelea kusimama kati yake na watazamaji wetu, mahali pale pale aliposimama Padre Hidalgo. Ni haki ya watazamaji hao kujua neno likivukishwa limebaki na nini, na limeachwa na nini ng'ambo ya pili.